Kifaa Kisicho na Jina

Herieth ni jirani yetu huku Madale, na haya yalimkuta kazini. Siku yenyewe ilianza vizuri tu: aliwahi ofisini Kinondoni, akanunua chapati mbili kwa mama wa getini, akakaa na chai yake mbele ya skrini.

Kazi yake ilikuwa kuangalia mitandao ya maduka ya dawa ya bosi mmoja. Maduka yalitapakaa mjini, ila kompyuta, printa na kamera zao zote zilifuatiliwa na seva moja, kompyuta kuu iliyowekwa chumba cha pili. Kila kifaa kilikuwa na taa yake kwenye skrini. Kijani, kizima. Nyekundu, kimezimika.

Asubuhi ile, kwenye mtandao wa duka la Madale, kulikuwa na taa ya kijani iliyozidi. Haina jina. Akaifungia, ikarudi. Mchana akapigiwa simu: Sekela, muuzaji wa pale, sauti imepotea. Hana mafua, hana homa. Anafungua mdomo, hakitoki kitu.

Taa ikaondoka Madale. Wiki iliyofuata ikaonekana Manzese, na jioni hiyohiyo Leonardi, muuzaji wa Manzese, akawa bubu.

Herieth akaanza kumwangalia Audax kwa jicho la pembeni. Audax ndiye fundi wao. Ndiye aliyefunga mitambo ya maduka yote, na funguo anazo. Kabla ya kila tukio alikuwa amepita duka husika, eti kurekebisha waya.

"Yule si bure," Herieth alimnong'oneza mwenzake. Tangu hapo hakunywa tena chai iliyopita mikononi mwa Audax.

Kisha taa ikawaka Buguruni.

Herieth akampigia muuzaji wa huko, Eliaichi.

"Uko na nani hapo dukani?"

"Niko peke yangu, dada. Kwani vipi?"

"Audax hajaja?"

"Hajaja."

"Herieth, unaniulizia mie?"

Akageuka. Audax alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, macho yameganda kwenye taa ile. Uso wake ulikuwa na hofu kuliko wa Herieth.

"Mwambie atoke," Audax akasema. "Atoke sasa hivi!"

Lakini Eliaichi alikuwa ameshapunguza sauti. "Dada, kuna mtu ananiita kutoka stoo. Ni Sekela. Kumbe kapona?"

Sekela alikuwa hospitali.

"Usiitike!" Herieth akapiga kelele. "Eliaichi, usii..."

"Abee?" Eliaichi akaitika.

Simu haikukatika. Ilisikika pumzi tu, ya mtu anayejaribu kusema na hawezi.

Kwenye skrini, Buguruni ikabaki na taa zake za kawaida. Ile isiyo na jina ilikuwa imehama. Ilikuwa Kinondoni. Kwenye mtandao wao.

Mlango wa chumba cha seva ulikuwa umefungwa. Nyuma yake ikatoka sauti laini ya Eliaichi.

"Dada Herieth."

Mdomo wa Herieth ulianza kufunguka wenyewe. Audax akauziba kwa kiganja, akamkumbatia kwa nguvu, akamburuta hadi kwenye ngazi, simu ikamponyoka ikabaki pale. Hakumwachia mpaka walipofika nje juani, katikati ya watu.

Siku ile Herieth alimwomba radhi Audax huku analia. Bosi aliifunga ofisi, seva ikang'olewa. Wale watatu mpaka leo wanaongea kwa ishara.

Simu ya Herieth hurekodi kila mazungumzo. Alipopata moyo wa kuisikiliza rekodi ile ya Buguruni, alimwita Audax wasikilize pamoja. Pumzi ya Eliaichi inasikika. Sauti inaita, "Dada Herieth." Kiti kinaanguka, viatu vinaburuzwa sakafuni, vinaishilia mbali.

Halafu, karibu kabisa na simu, sauti ya Herieth mwenyewe, taratibu, bila woga, inaitika:

"Abee."