Mbeleko ya Sumaku

Jua lilikuwa linazama nilipofika Mnyambe kufuata sumaku. Sumaku tu, jamani. Sikwenda kwa mganga, sikwenda kufukua kaburi. Ninyi mnaonisema pale Mkomaindo kwamba Kasiani alimtoa mtoto wake kwa wachawi, leo mkae mnisikilize, halafu mseme tena.

Mimi ni fundi mikanda. Mkanda wa suruali, mkanda wa begi, mkanda wa saa, yote naunda kwa mikono hii. Mke wangu Agnes alipomzaa Ida wetu alishikwa na homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na vidole vyake. Vipo, unaviona, lakini vimekufa ganzi. Hawezi kufunga hata fundo la kanga. Mara ya kwanza Ida alidondoka mgongoni akapasuka mdomo. Mara ya pili alizimia, tukadhani amekufa.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji ni mjomba. Optatus, kaka yake Agnes, alipanda gari kutoka Newala, akakaa kibarazani kwangu. Chai tulimwekea, hakuigusa.

"Shemeji, akianguka mara ya tatu namchukua. Atalelewa na mama yake mkubwa. Mwisho wa mwezi ujao nakuja kumwona dada yangu akimbeba mwenyewe. Akishindwa, naondoka naye siku hiyo hiyo."

Agnes alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema.

Ulikuwa msimu ule wafanyabiashara binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua korosho, Masasi yetu ikafurika redio mpya na mitumba. Kwenye robota moja nikaona mkoba wa kike unaojifunga wenyewe. Ukiachia kifuniko tu... ta! Nikaupasua palepale. Ndani mna sumaku mbili, ndogo kama vifungo vya koti. Nikasema, hee, Kasiani, mbeleko ndiyo hii!

Haikuwa rahisi. Sumaku ukiivuta kuja mbele inashika kweli, lakini ukiisukuma pembeni inateleza. Mtoto akijitikisa, chini. Nikakunja bati likawa na ukingo, sumaku ikakaa ndani isiteleze. Nikashona ulimi wa ngozi, Agnes auvute kwa meno pale anapotaka kufungua. Ikabaki shida ya nguvu. Redio ndogo zina sumaku dhaifu. Nilitaka ya spika kubwa, ya zile redio za zamani za mbao.

Bi Mwanakombo wa Mnyambe alikuwa nayo. Alikuwa na siku tisa tangu afe.

Mama yule alizaa watoto sita, hakuna aliyefika kutambaa. Mpaka uzeeni, akikutana na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mikono mbele. "Lete nikupokee kidogo." Wengine walimpa. Wengine walibadili njia.

Na vitu vya marehemu havitoki ndani mpaka arobaini. Wazee wanasema kabla ya siku hiyo mwenyewe hajaondoka, anazunguka akiangalia vyake. Arobaini ikifika anaondoka moja kwa moja, na kilicho chake anaondoka nacho. Nilijua hayo. Muharami, mdogo wa marehemu, alijua pia, ila alikuwa amekunywa uraka, ile pombe ya mabibo.

"Toa spika tu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Boksi liache palepale, watu wasione."

Nilifungua kwa bisibisi. Chumba kilinukia mafuta ya nyonyo, yale ya kupaka watoto wachanga.

Nyumbani, nilipoibandua ile sumaku ya mviringo kwenye chuma chake, ikakatika vipande viwili. Vipande vya sumaku moja ukivirudisha palipovunjikia havikubali, vinasukumana. Sharti ugeuze kimoja. Nikageuza.

Ta!

Tulijaribu kwanza na mfuko wa unga. Haukuteleza. Tukamweka Ida, Agnes akainama, akazunguka chumba mara mbili, machozi yanamtoka.

"Baba Ida, nimembeba! Nimembeba mwenyewe!"

Furaha niliyoiona siku ile sijaiona tena.

Wiki ya pili mambo yakaanza. Nilikuwa nimeitundika mbeleko kwenye misumari miwili, ncha moja huku, nyingine kule, katikati hatua nzima. Magharibi, tunakula...

Ta!

Nikaenda kuangalia. Imefungwa. Nikaibandua, nikaitundika upya mbali zaidi. Kesho yake saa ileile, ta! Na ile harufu. Nyonyo. Nyumbani kwetu hatukuwa nayo hata tone.

Ida naye, akiwa mgongoni, akaacha kuangalia mbele. Aligeuza shingo akatazama nyuma, anacheka, ananyoosha mikono. Nyuma hapakuwa na mtu.

"Baba Ida," Agnes aliniambia siku moja. "Mbona siku hizi Ida mwepesi?"

"Amekonda?"

"Hajakonda. Ni kama... kuna mtu ananiinulia kwa nyuma."

Hapo ndipo ningeikata ile mbeleko niichome moto. Lakini Optatus alikuwa anakuja Jumamosi! Nikikata, mtoto anaondoka na mjomba wake. Nikamwambia mke wangu, "Umezoea tu." Nilimdanganya nikijua namdanganya, Mungu anisamehe.

Jumamosi Optatus alikuja, akamtazama dada yake akipepeta unga huku mtoto amelala mgongoni. Akacheka. Safari hii chai alikunywa vikombe viwili. Jumapili asubuhi nikamsindikiza kwenye gari, narudi napiga mluzi. Sikuhesabu siku. Mjinga mimi, sikuhesabu!

Jioni Agnes alitoka na Ida kwenda dukani kununua mafuta ya taa. Duka si mbali, nyumba ya nne. Jua likazama. Nikasikia hatua zake uani, taratibu. Akaingia. Mbeleko imefungwa kifuani, imembana vizuri.

Mgongoni hapakuwa na kitu.

"Mtoto yuko wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Kuna bibi kanipokea. Kasema, lete nikupokee kidogo. Nikamwambia, ngoja nifungue. Kasema, usihangaike mwanangu."

"Hukufungua?"

"Sikufungua."

Nilipiga ukelele. Mkomaindo nzima ilitoka na kurunzi, tukatafuta siku tatu, mpaka kwenye majabali. Hakuna unyayo, hakuna kilio. Optatus alirudi, hakunipiga. Alitema mate mlangoni kwangu, akaondoka bila kuaga.

Siku ya nne nilikwenda Mnyambe. Nikamkuta Muharami amekaa chini, hajanywa, midomo imemkauka. Hakungoja nimsalimie.

"Jumapili tulikuwa tunamaliza arobaini," alininong'oneza. "Magharibi ile redio ikalia. Haina spika, Kasiani. Haina betri. Ikaanza kubembeleza, sauti ni ya dada, watu wote tumesikia. Halafu..."

"Halafu nini?"

"Mtoto akacheka mle ndani. Watu wakakimbia. Niliporudi na taa, boksi lilikuwa tupu. Linanukia nyonyo."

Nilihesabu kwa vidole pale pale. Siku tisa nilipoichukua. Thelathini na moja kwetu.

Agnes hajavua ile mbeleko. Ulimi wa ngozi nilioushona mwenyewe nimeuvuta kwa mikono, nimeuvuta kwa koleo, kifungo hakiachii. Nikipapasa juu ya ngozi ya kifungo, vile vipande viwili sivisikii tena. Nasikia mviringo mzima, usio na ufa. Mchana kitambaa kinaning'inia mgongoni kitupu. Lakini magharibi, jamani, kinajaa. Taratibu, kama mtoto anayekunja miguu atafute usingizi. Ukiweka kiganja ni moto.

Kila jioni nanoa kisu cha kazi, naketi nyuma ya mke wangu. Labda nikikata atadondoka mikononi mwangu, Ida wangu, mzima. Labda nikikata ndiyo itakuwa mwisho, kwa sababu kinachomshika upande huu ni kile kifungo tu. Hakuna wa kumwuliza. Nilichounda mimi sijui kukifungua.

Jana nilisogeza kisu kwenye mshono. Agnes hakugeuka.

"Usimwamshe, Baba Ida," alisema. "Leo amekuwa mzito."