Koti Lililoshonwa Mapema

Kila asubuhi baba aligonga mlango wa chumba changu kwa maneno yaleyale: "Daktari, utachelewa shule!"

Nilikuwa kidato cha tatu, na hata kidole kilichokatwa na kisu cha jikoni kilinipa kizunguzungu. Lakini baba alikuwa ameshawatangazia majirani wote, na mama, fundi cherehani, alikuwa ameshanishonea koti jeupe. Lilining'inia nyuma ya mlango likinisubiri. Jamani, lilinichosha hilo koti!

Muhula huo mwalimu wa ushauri alitupa fomu za kuchagua kazi. Alipozikusanya, alishika kichwa.

"Wanafunzi arobaini na wawili, madaktari thelathini na wanane! Mgonjwa atakuwa nani?" alifoka. "Sasa kila mmoja aende siku tatu mahali inapofanyika kazi aliyoandika. Ijumaa mniletee fomu mpya, na safari hii nataka ukweli. Masomo yenu yatapangwa kwa fomu hiyo, na hayabadilishwi tena."

Nikapelekwa zahanati, kwa muuguzi mkuu, mama mwepesi wa kazi na mwepesi zaidi wa ulimi. Siku ya kwanza nilimshikia sinia la vifaa alipokuwa akisafisha kidonda. Nilizinduka nimelala sakafuni, mgonjwa mwenyewe akinipepea. Siku ya pili, hivyo hivyo.

"Wewe mtoto, umekuja kusaidia au kulazwa?" aliuliza muuguzi. "Kesho utakaa kwenye mizani ya watoto. Huko hakuna damu."

Siku ya tatu nikawa naandika uzito wa watoto. Kila mmoja alivalishwa suruali ya turubai yenye mikanda, akaning'inizwa kwenye mizani. Kina mama walitoka wakitabasamu, maana kila mtoto alikuwa ameongezeka. Mimi nilinuna tu, nikiwaza la kumwambia baba.

Akaja mtoto aliyeharisha wiki nzima, miguu imemkonda. Naye ameongezeka! Haikuniingia akilini.

Nikaitazama ile suruali. Niliitambua. Mama yangu ndiye aliyeishona, kwa turubai nene, nayo ililetwa asubuhi hiyo badala ya ile ya zamani iliyochanika. Nikaitundika tupu. Mshale ukasogea hadi nusu kilo.

"Mama, samahani," nilimwambia muuguzi. "Suruali imebadilishwa, lakini mshale haukurudishwa kwenye sifuri."

"Jana umeanguka, leo unanifundisha kazi?" Alisogea kwa hasira, akautazama mshale. "Kosa langu," alisema. "Mkimbilie mama wa yule mtoto aliyeharisha!"

Nilimkuta getini. Nilipokuwa nikimrudisha, sikuona kizunguzungu hata kidogo. Nilitafuta skrubu ya kurekebishia mizani, nikaizungusha taratibu mpaka mshale ukatulia kwenye sifuri. Mtoto alipopimwa upya, alikuwa amepungua vibaya. Akapelekwa kwa daktari saa ileile, na wenzake wote wakaitwa kupimwa tena.

"Kuna watu wanaosomea kazi hiyo," muuguzi aliniambia. "Ni mafundi wa vifaa vya hospitali. Wetu tunamwona mara moja kila miezi mitatu, maana ni wachache mno. Hukuwahi kumsikia?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimesikia daktari tu, kila asubuhi.

Jioni nilimweleza baba. Alisimama kwa ghadhabu. "Fundi! Na watu nimeshawaambia daktari!"

"Baba, damu siiwezi," nilisema, machozi yakinilenga. "Nikiandika daktari nitamdanganya mwalimu, na wewe pia. Mizani naiweza." Nikamsimulia habari za yule mtoto.

Baba alikaa. Alimtazama mama, akaguna.

"Basi na mimi nimekosea," alisema. "Tulikushonea koti kabla ya kujua unaweza nini. Mtu aionje kazi kwanza kwa mikono yake, ndipo achague. Asichague kwa ajili ya koti, wala kwa kuwafurahisha majirani." Akafikiri kidogo. "Hao mafundi wanavaa koti?"

"La buluu, baba."

"Rangi ninayo," alisema mama, naye alikuwa ameshalitungua lile koti jeupe.

Ijumaa asubuhi mlango uligongwa kama kawaida.

"Daktari, uta..." Baba alikatiza, akakohoa. "Wewe mtoto, amka! Na fomu usiisahau!"