Ukuta wa Bibi Tatu

Mwezi wa saba Lushoto hauna mzaha. Saa kumi jioni ukungu unateremka kutoka Magamba, unaingia jikoni bila hodi, na watu wanavaa sweta juu ya sweta kama vitunguu. Hidaya wa darasa la sita alikuwa na kazi zake za kila siku akitoka shule: kufungia kuku, kumenya viazi, na kumpelekea Bibi Tatu chai ya tangawizi chumbani kwake. Siku hizi alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa. Kumchunguza Dotto.

Dotto alikuwa dereva wa mama yake, Zainabu. Mama Zainabu alinunua karoti, kabichi na plamsi kwa wakulima wa Gare, akazishusha sokoni Mombo. Mwaka huu aliacha kukodi magari ya watu, akaleta kirikuu chake mwenyewe, kigari kidogo cha mizigo, tena cha umeme! Weee, mtaa mzima ulikuja kukitazama. Wazee waliinama wakatafuta bomba la moshi, wakainuka wakitikisa vichwa. Kirikuu kilikuja na chaja yake, boksi jeupe zito, na fundi Loveness akalifunga kwenye ukuta wa nje wa chumba cha Bibi, pale gari linapolala.

Fundi Loveness alikuwa binti wa ovaroli la bluu na penseli sikioni, na siku ile alisema maneno ambayo Hidaya aliyashika yote.

"Mama Hidaya, chaja hii ina nguvu nyingi. Inataka waya wake peke yake, waya mnene, kutoka kwenye meni swichi mpaka hapa. Waya huo nimeukosa hapa mjini, nimeuagiza Tanga. Kwa sasa nimeiunga na waya wa zamani wa hita ya maji, ule unaopita ndani ya ukuta wa Bibi. Kwa hiyo nguvu nimeishusha mpaka chini. Gari litajaa polepole, lakini si linalala hapa usiku kucha? Litatosha. Ila kifuniko hiki asikifungue mtu."

"Hata mimi mwenye mali?" aliuliza Mama Zainabu.

"Hata mwenyekiti wa mtaa," alijibu fundi, akabandika utepe mwekundu kwenye kifuniko.

Basi, haikupita wiki mbili Hidaya akaona utepe umekaa upande. Mtu alikuwa ameubandua na kuubandika tena! Halafu jioni, Dotto akishachomeka gari, taa ya jikoni ilififia kama mtu anayesinzia. Na kubwa kuliko yote, Dotto alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba, kisha anaondoka na kitu amekifunika kwa kitenge.

"Anawaibia," alisema Rahma, rafiki yake, walipokuwa wakitoka shule. Rahma hakuwa mtu wa kusema 'labda'.

"Anaiba nini sasa? Umeme haubebwi kwenye kitenge."

"Ndani ya chaja kuna shaba, mwenzangu. Shaba ni mali! Anachomoa kidogo kidogo. Na huyo fundi wenu, mbona waya haujafika mpaka leo? Usikute lao moja."

Hidaya alitembea akiyahesabu moja moja: utepe, taa, kitenge. Alivyowaza, kila kitu kilikubaliana na maneno ya Rahma. Hata salamu za Dotto sasa zilimtia wasiwasi.

"Shikamoo, kaka Dotto."

"Marahaba, mkaguzi! Leo umenikagua vya kutosha, au niongeze tabasamu?"

Mtu mwenye moyo safi, Hidaya aliwaza, atajuaje kwamba anakaguliwa?

Jioni hiyo alijibanza nyuma ya makreti ya plamsi. Dotto alichomeka gari, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akabandua utepe taratibu. Akafungua kifuniko, akaingiza bisibisi, akazungusha kitu. Tik! Taa ya jikoni ikafifia. Akafunga, akabandika utepe, akapotelea nyuma ya nyumba. Aliporudi, kitenge kilikuwa mkononi, kimefunika kitu kizito.

Hidaya alikimbia mbio mpaka kwa mama yake, aliyekuwa akipanga karoti sebuleni.

"Mama! Dotto anafungua chaja! Nimemwona kwa macho yangu. Anachomoa vyuma vya shaba, anavifunga kwenye kitenge!"

Vyuma hakuviona. Aliona kifuniko, aliona bisibisi, aliona kitenge. Lakini neno lilishatoka, na lilitoka likiwa limenyooka kuliko mambo yenyewe yalivyokuwa.

Mama Zainabu alisimama. Alimwita Dotto, aliyekuwa ameshafika njiani, akamrudisha uani. Mikono yake ilikuwa mitupu sasa. Kitenge alikuwa amekiacha getini, na kwa hasira hakuna aliyekumbuka kwenda kukitazama.

"Dotto, umefungua kile kifuniko?"

Kijana alitazama chini. "Nimefungua, mama."

"Kwa nini, na fundi alikataza mbele yako?"

Macho ya Dotto yalipanda kidogo hadi kwenye dirisha la Bibi Tatu, kisha yakashuka.

"Na kwenye kitenge unabeba nini?"

"Chakula, mama."

"Chakula kimetoka wapi? Mimi sijapika."

Dotto alitazama tena dirishani. Hidaya alimtazama mama yake kana kwamba anasema, unaona? Mama Zainabu alionyesha kreti la plamsi kwa kidole. "Mtu asiye na kosa hujibu. Weka funguo hapo, Dotto. Kuanzia kesho usije."

Dotto aliweka funguo juu ya kreti. "Sawa, mama," alisema, akaondoka kwa miguu huku ukungu ukimmeza mgongoni. Gari lilibaki limechomekwa.

Hidaya alingoja kufurahi, furaha haikuja. Alichukua kikombe cha chai akaenda kwa Bibi.

Bibi Tatu alikuwa amesogeza kitanda chake mpaka ukutani. Ameegemea, miguu ndani ya blanketi, uso umelegea kama mtu aliye juani.

"Hongea, mwanangu," alishukuru kwa Kishambaa, akapokea chai. "Njoo uegemee hapa. Ukuta huu una huruma kuliko watu."

Hidaya aliweka kiganja ukutani, akakiondoa haraka. Ukuta ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoepuliwa punde! Halafu pua yake ikanasa harufu. Haikuwa ya jikoni. Ilikuwa harufu ya ndala iliyoangukia makaa.

"Bibi, ukuta umeanza lini kuwa hivi?"

Bibi alicheka kwa siri. "Usimwambie mama yako. Siku moja Dotto alichelewa Mombo, akataka gari lijae upesi, akaongeza nguvu kwenye kile kiboksi. Usiku ule nililala mgongo wangu wote umepona! Asubuhi nikamwuliza, umefanya nini, mwanangu? Aliponiambia, nikamwomba anifanyie hivyo kila siku. Alikataa mwanzoni. Nikamwambia, mimi mzee wako nimekuomba, utaninyima joto? Sasa jioni anaipandisha, asubuhi anaishusha. Na simwombi bure. Nampikia makande kwenye jiko langu, nampitishia dirishani. Kijana wa watu anaishi peke yake."

Makande. Hidaya alihisi masikio yanawaka kuliko ukuta. Akipiga kelele sasa, mama atakuja, kila kitu kitafunguliwa, na vyuma vya shaba alivyosema havitapatikana popote. Akinyamaza, hakuna atakayejua kwamba alisema uongo. Alisimama hapo akikitazama kikombe mikononi mwa Bibi.

Juu ya kitanda, kando ya kiboksi cha zamani cha hita ambamo ule waya uliungwa, rangi ya ukuta ilijikunja kama ngozi. Uzi mwembamba wa moshi ukachungulia.

"Mama!" Hidaya alipiga ukelele uliowaamsha kuku. "Zima meni swichi! Zima umeme wote! Ukuta wa Bibi unaungua!"

Nyumba ikawa giza. Mama Zainabu alikuja na tochi ya simu, wakamshika Bibi huku na huku, wakamtoa hadi jikoni penye kuni. Walikaa hapo wakisikiliza. Moshi ulikoma. Mama akampigia fundi simu, na fundi Loveness akafika kwa bodaboda, ovaroli juu ya nguo za nyumbani.

Alifungua kiboksi kile cha ukutani, akamulika. Plastiki ya nyaya ilikuwa imeyeyuka, nyeusi, imeshikana kama sukari guru.

"Njooni mtazame," alisema. "Mmeuona mfereji mdogo wa kumwagilia bustani? Ukiufungulia maji ya mto mzima unafanyaje?"

"Unabomoka kingo," alijibu Hidaya kwa sauti ndogo.

"Basi waya mwembamba haubomoki, unachemka. Unachemka ndani ya ukuta, mahali usipoonekana, saa nzima, saa mbili, kila siku. Ungechelewa kidogo tu, kitanda cha Bibi kingeshika moto." Alisita, akajikuna shingo. "Na mimi nina kosa langu. Breka niliyofunga, ile inayokata umeme ukizidi, ni kubwa, kwa kuwa nilijua waya mnene unakuja. Ningefunga ndogo kwa kipindi hiki, ingekata umeme siku ile ile nguvu ilipoongezwa. Mimi nilitegemea utepe. Utepe haukati umeme."

"Ni huyo Dotto," alisema Mama Zainabu. "Alikuwa akichomoa shaba humo ndani."

Fundi alienda kwenye chaja, akafungua, akakagua kwa tochi. "Hakuna hata skrubu iliyopungua, mama. Kilichobadilika ni swichi ya kupandisha nguvu tu. Nani alimwona akichomoa?"

Wote walimgeukia Hidaya.

"Sikuona vyuma," alisema, machozi yakamtoka. "Niliona kifuniko na kitenge. Vyuma niliongeza mwenyewe."

Bibi Tatu aligonga mkongojo sakafuni kabla mtu hajamkemea mjukuu wake. "Na mimi ndiye niliyemfunga kijana mdomo! Alinyamaza asinivunjie heshima. Baridi, Zainabu. Mwezi mzima silali kwa baridi, nikaona aibu kukwambia, uko na kazi nyingi."

Mama Zainabu alikaa chini polepole. Mama yake mzazi alikuwa anatetemeka upande wa pili wa ukuta, naye alikuwa anahesabu karoti.

Asubuhi, mama na mwana walimfuata Dotto kwake. Alikuwa anaosha vyombo nje, na alipowaona akasimama wima kama mtuhumiwa.

"Kaka Dotto, nilisema uongo juu yako," Hidaya alianza kabla hata ya kusalimia. "Nilisema unaiba shaba. Naomba unisamehe."

Dotto aliweka sufuria chini, akajifuta mikono. "Iliniuma," alisema. "Nilijiuliza usiku kucha huko nyumbani nimeonekana mtu wa namna gani." Kisha akamgeukia Mama Zainabu. "Lakini nami nilikatazwa kufungua, nikafungua. Bibi aliponiomba, ningekuja kukwambia wewe, mama. Sikujua namna ya kumkatalia mzee."

"Rudi kazini," alisema Mama Zainabu. "Na mimi nisamehe. Nilikuhukumu, hata kitenge sikukifungua."

Waya mnene ulifika wiki ile. Fundi Loveness aliupitisha nje ya nyumba ndani ya bomba lake, mbali na vyumba, akaufungia breka inayolingana nao na waya wa usalama wa ethi uliozama ardhini. Mama alipotaka nguvu iwekwe juu kabisa, fundi alimwuliza gari linapumzika saa ngapi kila siku. Walipopiga hesabu, wakaona nguvu ya katikati inatosha, gari likajaa kabla ya alfajiri. Bibi Tatu alihamishiwa chumba kinachopakana na jiko, akapewa blanketi jipya zito, akalalamika kwamba sasa anatoka jasho.

Siku fundi alipomaliza, Mama Zainabu alimwita Hidaya wakatazama pamoja taa ya kijani ya chaja. Taa ya jikoni haikufifia hata kidogo.

"Kushuku si dhambi, Hidaya," alisema mama. "Ulivyoushuku ukuta, uligusa, ukanusa, ukauliza, ukapaza sauti hata kama ilikuaibisha. Ukamwokoa Bibi yako. Ulivyomshuku Dotto hukuuliza kitu, ulijaza mwenyewe pale usipopaona. Siku nyingine ukiniletea habari, niletee ulichokiona, na usichokiona niambie hukukiona. Nitakuamini zaidi, na hakuna mtu atakayekwenda nyumbani kwake kwa miguu kwa ajili ya neno lako."

"Sawa, mama," alisema Hidaya, akaenda kumsaidia Dotto kushusha makreti.