Isabela na Swali la Lipiko

"Linatoka makaburini," Silvano alisema, macho hayabanduki kwenye patasi.

Isabela akafunga daftari. "Nikaandike hivyo kwenye mtihani? Kwamba lipiko ni maiti aliyefufuka?"

"Andika upendavyo. Mimi nimekujibu."

Mwanaume mzima, mchongaji anayejulikana Newala yote, alikuwa anatokwa jasho kwa swali la mwanachuo wa ualimu. Zilibaki wiki mbili Isabela afanye mtihani wa historia na uthamini wa sanaa chuoni Masasi, na mkufunzi alishawadokeza kuwa kutakuwa na picha ya lipiko, kinyago cha ngoma ya Wamakonde. Wataulizwa kimetengenezwaje, na uzuri wake uko wapi. Sasa wanaume waliopita jandoni wanajua ndani ya lipiko kuna nani. Wanawake huambiwa ni mzimu, na Silvano aliapa mbele ya wazee kwamba hatamtobolea siri hiyo mwanamke yeyote.

"Posa yako inakuja mwezi ujao," Isabela alisema taratibu. "Mume anayenidanganya juu ya kinyago, kesho atanidanganya juu ya mengine. Jumamosi Cyril wa darasani kwetu atakuja nyumbani Lulindi kunifundisha. Kama huna la kuniambia, usije tena kwetu."

Akabeba mkoba wake, akashika njia ya kituo cha basi bila kugeuka nyuma.

Wiki ile Silvano hakuchonga kitu cha maana. Tangu afungue biashara yake ya vinyago alikuwa na wateja mpaka Dar es Salaam, lakini kila sanamu ilitoka na uso wa Isabela, tena amenuna. Ijumaa utingo wa basi akamletea kikaratasi: "Cyril atafika kesho saa nne. Isabela."

Ndipo alipokata shauri. Alfajiri ya Jumamosi alidandia lori la mnunuzi wa korosho mpaka Lulindi. Wazee wa Makote, kijijini kwake, wamtenge wakitaka, wamfukuze ngomani, yeye Isabela hamwachi.

Alimkuta Mama Isabela anabangua korosho uani. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaonyeshwa baraza kwa kidole. Isabela alikuwa peke yake na madaftari.

"Cyril yuko wapi?"

"Yuko kwao. Sikumwita."

Silvano hakuwa na muda wa kuuliza zaidi.

"Isabela, nakupenda kuliko kiapo changu. Ndani ya lipiko kuna..."

Isabela akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiseme. Mimi nilikuuliza ni mti gani, unachongwaje, nywele zinashikwa na nini. Wewe ndiye uliyekimbilia makaburini."

"Kwa hiyo unajua?"

"Wanawake wote tunajua. Tunawatunzia siri yenu miaka nenda rudi, na nyie mnatembea vifua mbele."

Kule uani Mama Isabela akakohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Silvano alikaa chini, akacheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka. Kisha akavuta daftari na kalamu, akaanza kuchora.

"Wenzako wataandika mpingo, watakosa. Ni mti laini, mwepesi, usije ukamwelemea..."

"Ukamwelemea nani?"

"Mzimu," alijibu, na Isabela akaandika hivyo hivyo, kisha akafuta. Silvano alimweleza habari ya nywele za watu zinazoshikizwa kwa nta ya nyuki, na kwa nini mdomo huachwa wazi. Isabela alijaza kurasa sita. Mtihani ule aliuona mwepesi kabla hajaukalia, akamwambia posa iletwe wiki hiyo hiyo atakapomaliza.

"Ulijua tangu lini?" Silvano aliuliza wakati wa kuaga.

"Tangu ngoma ya Makote, mwaka juzi. Tulikimbia wanawake sita. Lipiko likawapita watano, likanifuata mimi mpaka kwenye mikorosho. Mzimu gani huo wa kuchagua?"

Silvano aliona haya, halafu akajikaza. "Na mbona ulikimbia?"

"Nilikimbia polepole, Silvano. Hukuona?"