Kwa Nini Linsle Anajilamba?

Jina langu ni Roswitha Kächele. Naishi ghorofa ya pili na mume wangu, Eugen. Nyumba yetu ina familia sita na ngazi moja. Kila wiki familia moja ina zamu ya kusafisha ngazi hiyo. Zamu yako ikifika, unatundikiwa kibao mlangoni. Unafagia, unapiga deki, unafuta vumbi kwenye kona zote. Mimi nimeisafisha ngazi hiyo miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kunilalamikia. Naam, najisifu. Nisipojisifu mimi, atanisifu nani?

Msimamizi wangu ni paka wetu, Linsle. Ana rangi ya dengu, na kwa lugha ya kwetu jina lake maana yake ni dengu ndogo. Hatoki nje kabisa. Lakini nikishika ufagio tu, anashuka nami kidato kwa kidato, anakagua kazi.

Mwezi wa tatu nikaona jambo. Linsle alikuwa anajilamba. Paka wote hujilamba, hilo najua. Huyu wangu alikuwa hapumziki. Alijilamba wakati wa kahawa, wakati wa taarifa ya habari, hata katikati ya kula. Siku moja akalala chali, nikaona tumbo lake. Halikuwa na unyoya hata mmoja! Na mapajani alikuwa na vipele vyekundu.

"Eugen, njoo uone! Nani kamnyoa paka?"

Eugen akavaa miwani, akainama. "Kajinyoa mwenyewe. Lakini kwa nini?"

Hilo "kwa nini" halikunitoka kichwani. Nilikata soksi ya Eugen, nikamshonea Linsle fulana ya kufunika tumbo. Aliivaa dakika nne. Nikamgombeza, akaenda kujilamba chini ya kitanda.

Jumapili akaja wifi yangu, Gundula. Ni dada yake Eugen, ana shamba huko juu milimani. Mwezi uliotangulia alituletea kiti kikubwa cha manjano kilichokuwa ghalani kwake. Sisi kitu kizima cha bure hatukikatai. Linsle alikipenda tangu siku ya kwanza, akakifanya kitanda chake.

Gundula alimtazama paka, akatikisa kichwa.

"Wifi, huyu ana upweke. Mmemfungia ndani kama kuku wa mayai. Kwangu kuna ghala, kuna panya, kuna paka wenzake saba. Jumamosi nakuja kumchukua."

"Thubutu!" nikamwambia.

"Haya, mwache ajichune mpaka mifupa. Shauri yako."

Eugen alimsindikiza dada yake mpaka mlangoni. Kisha akasema polepole, "Roswitha, kama anateseka kwetu, tumng'ang'anie wa nini?" Nikaenda jikoni nikalia. Sioni aibu kusema. Linsle amelala miguuni pangu miaka sita.

Jumatatu kibao kilikuwa mlangoni kwangu. Nikashuka na ndoo, Linsle nyuma yangu. Nilipofika ghorofa ya kwanza, Bi Kiesewetter akafungua mlango wake.

Sasa, mimi na Bi Kiesewetter tulikuwa hatuivi. Yeye katoka kaskazini, na zamu yake ikifika anapitisha deki katikati tu. Kona anaziacha na vumbi lake. Niliwahi kumwandikia barua kuhusu kona hizo. Hakunijibu. Tangu hapo ilikuwa salamu tu, tena ya meno.

Alimtazama Linsle, aliyekuwa ameinua mguu akilamba tumbo lake tupu.

"Bi Kächele, umeshamwangalia kama ana viroboto?"

Ndoo nusura inidondoke. "Viroboto? Kwangu mimi? Na anayesema ni wewe!"

"Nimefanya kazi kwa daktari wa wanyama miaka ishirini na sita," akasema bila kukasirika. "Kiroboto haulizi nani anapiga deki."

"Angekuwepo ningemwona!"

"Si lazima. Paka anapojilamba anawameza. Ndiyo maana watu hudanganyika."

Nikapanda juu, nikafunga mlango kwa kishindo. Saa saba mchana, saa ambayo nyumba nzima inatakiwa iwe kimya! Lakini neno lake lilikuwa limeshaniingia. Nikamweleza Eugen. Yeye akafungua kabati, akatoa kichupa.

"Dawa ya viroboto ya marehemu Waldo," akasema. Waldo alikuwa mbwa wetu. "Muda wake haujaisha. Tumpake, tuone."

Nilishakifungua kile kichupa. Linsle alikuwa mapajani pangu. Kisha nikaona picha kwenye karatasi yake: mbwa peke yake. Nikajiuliza, mbona hakuna paka? Eugen hakujua. Mimi sikujua. Nilimjua mtu mmoja tu wa kumuuliza, na ndiye niliyemfungia mlango.

Nikashuka. Nikagonga.

"Bi Kiesewetter, hii inamfaa paka?"

Alinipokonya kichupa. "Umempaka?"

"Bado."

"Ah, afadhali! Dawa nyingi za mbwa ni sumu kwa paka. Angetetemeka mwili mzima. Angeweza kufa! Paka apewe dawa ya paka, kwa uzito wake, aliyopimiwa na daktari. Wala usimpake mafuta makali ya mimea, wala siki. Chochote unachompaka, atakilamba."

Nikakaa pale pale kwenye ngazi. Nilikuwa nimebakiza tone moja tu nimuue paka wangu.

Bi Kiesewetter hakunicheka. Aliingia ndani, akatoka na kitana kidogo chenye meno yaliyobanana. "Twende tukamtazame," akasema. "Una karatasi nyeupe ya jikoni? Ilowanishe."

Eugen alimshika Linsle taratibu. Bi Kiesewetter akachana manyoya ya mgongoni, karibu na mkia, kisha shingoni. Kitana kilitoka na chembe nyeusi, ndogo kama pilipili manga iliyosagwa. Akazikung'utia kwenye karatasi iliyolowa.

"Huo ni uchafu tu," nikasema haraka.

"Ungekuwa uchafu ungebaki mweusi. Subiri."

Tukainama wote watatu. Chembe zile zikaanza kuyeyuka. Kila moja ikazungukwa na duara jekundu la kahawia.

"Eh!" Eugen akasema. "Nini hiyo?"

"Kinyesi cha kiroboto. Yeye hula damu. Damu iliyokauka ikipata maji, rangi inarudi."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini udadisi nao haukuniacha. "Viroboto wachache hivyo, kweli wammalizie tumbo lote?"

"Paka wengine wanadhurika na mate ya kiroboto. Akiumwa mara chache tu, ngozi inawasha siku nyingi. Analamba apate nafuu, ulimi wake unakwaruza, manyoya yanakatika."

"Na kama karatasi ingebaki nyeupe?"

"Bado angeonwa na daktari. Kuna utitiri, kuna fangasi, kuna chakula kisichomfaa. Hata kibofu kikimuuma atalamba tumbo. Upweke nao upo, ila huo tunaufikiria mwisho, tukishayaondoa haya mengine."

"Lakini hatoki nje!" nikasema. "Wameingilia wapi?"

"Mmeleta kitu karibuni? Zulia? Kiti?"

Mimi na Eugen tukatazamana. Kisha tukageuka wote kukitazama kiti cha manjano. Bi Kiesewetter alipitisha karatasi yenye maji kwenye mishono yake. Ilitoka na madoa mekundu.

Kesho yake tulimpeleka Linsle kwa daktari wa wanyama. Alipimwa uzito, akatiwa matone ya dawa kwenye kisogo, mahali ambapo ulimi wake haufiki. Akapewa na dawa ya kutuliza mwasho. Daktari akasema matone yarudiwe kila mwezi, hata akionekana mzima.

"Sasa kazi yako," Bi Kiesewetter akaniambia. "Mayai na watoto wa viroboto hawako kwa paka, wako kwenye nyumba. Fua matandiko yote kwa maji ya nyuzi sitini. Piga mashine ya kufyonza vumbi kila siku, chini ya kitanda, kwenye nyufa za sakafu. Mfuko wake utoe nje papo hapo. Wengine wamejifungia kwenye vifuko, watatoka wiki nyingi baadaye. Usije ukaacha katikati."

Mimi niache katikati? Hakunijua vizuri.

Jumamosi Gundula akaja na kikapu cha kubebea paka. "Kiti changu kiko wapi?"

"Kiko roshani, nimekifunga kwenye nailoni," nikasema. Nikamwekea ile karatasi mezani, nilikuwa nimeitunza. Nikamweleza yote.

"Viroboto!" akasema. "Kwangu hakuna viroboto!"

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo, wifi. Wale paka wako saba, hawajikuni?"

"Paka gani hajikuni?" akasema. Halafu akainama, akajikuna kifundo cha mguu. Eugen akageukia dirishani ili asicheke. Gundula akauchunguza mguu wake.

"Hebu nipe hicho kitana," akasema.

"Si changu. Ni cha Bi Kiesewetter. Shuka ukamwombe."

Akashuka, na kikapu chake kitupu.

Nilifyonza vumbi kila siku kwa miezi miwili. Wiki ya pili Linsle alianza kula bila kusimama kujilamba. Wiki ya nne tumbo likaota manyoya laini. Mwezi wa tano alilala chali kwenye jua, na sikuona ngozi mahali popote. Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Wiki iliyopita zamu ya ngazi ilikuwa ya Bi Kiesewetter. Nilikuwa nashuka kwenda dukani nikamkuta amemaliza, ameegemea deki yake, ananitazama. Kona zote zilikuwa na vumbi lake kama kawaida.

"Haya, Bi Kächele, sema. Kona umeziona?"

"Kona?" nikamwambia. "Kona zipi?"