Reli ya Ngazi ya Bibi Husson

Jioni ile nilitumwa kung'oa mmea, basi. Siku zile kila tajiri wa mji wa Nancy alitaka nyumba yake ichipue: milango yenye mabua, taa zenye maua. Bibi Husson, mjane, alitaka reli ya ngazi, ile ya kushikilia ukipanda, ifanane na mmea wa kutambaa uliomea juu ya kaburi la bintiye, Noémie.

Karakana yetu haichori kutoka vitabuni. Mmea huletwa na mizizi yake, ukachorwa ungali hai, na hakiachwi kitu hata uzi. Mchoraji alikuwa mke wangu, Eugénie. Mimi ni mfua chuma tu.

Pale kaburini nikavuta. Mzizi ukagoma. Nikavuta tena...

Ukatoka na nywele.

Nyeusi, ndefu, zimejisokota mizizini, zinanuka udongo mbichi. Nilimsihi Eugénie aziache. Akanicheka, eti mwanamume mzima naogopa nywele.

"Kilichopo kinachorwa," akasema.

Akachora zote. Nami, mjinga, nikazifua zote kwa chuma.

Wiki tuliyofunga reli, nywele za mke wangu zikaanza kunyonyoka. Akakonda, akawa wa kushikwa mkono. Kisha Bibi Husson akatuita kwake, wakati wa magharibi. Reli ilikuwa imeota nyuzi mpya za chuma, nyembamba, nyeusi kama nywele. Na kila jioni, alisema, mtu alishuka kipandio kimoja kutoka juu.

"Nilimwomba Mungu anirudishie mwanangu," alininong'oneza. "Kata, fundi. Vimebaki vipandio vitatu."

Nikaweka msumeno kwenye uzi wa kwanza. Krr...

Nyuma yangu Eugénie akashika shingo. Damu ilipita katikati ya vidole vyake.

Nikauondoa msumeno. Damu ikakoma.

Juu, ubao ukalia. Harufu ya udongo mbichi ikatushukia.

"Kata, baba, nakuomba," mjane alisema.

Nilimtazama yeye, nikamtazama mke wangu. Mungu anisamehe, sikufikiri mara mbili. Nilimbeba Eugénie hadi nje, nikavuta mlango na kuushikilia kwa mikono miwili. Bibi Husson aligonga kidogo kutoka ndani, kisha akaacha.

Ubao ukalia. Ukalia tena: jioni ile hakushuka kimoja tu.



Halafu nikamsikia mjane, kwa upole, kama anayesema na mgeni aliyekosea nyumba.

"Wewe si Noémie."

Niliendelea kuushikilia mlango.