Ombi la Anastasia Jumuiyani

Kila Jumamosi asubuhi Anastasia na kaka yake Severin walikwenda sokoni Tottenham. Anastasia alibeba ndizi mbichi, Severin alibeba mihogo, na njiani kaka alimpa hesabu za kufanya kichwani. Akikosa, alibebeshwa mihogo pia.

"Tatu ya nane, ongeza robo."

"Tano ya nane."

"Haya, umepona. Mihogo bado yangu."

Jumamosi hiyo walinunua vitu vingi kuliko kawaida, kwa sababu jumuiya ilikuwa inasali kwao. Wakatoliki wa Kitanzania wa upande ule wa London walikutana kila wiki, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, kama walivyozoea kwao.

Severin alikuwa anamaliza shahada ya hisabati, na alitaka kusoma mpaka uzamivu. Kabla ya kufika huko alikuwa na njia mbili. Angeweza kubaki chuoni kwake mwaka mmoja zaidi, akaongeza fizikia, akatoka na masomo makuu mawili. Au angemaliza na hisabati peke yake, kisha akasome shahada ya uzamili kwingine. Baba yao, mzee Philemon, dereva wa basi, aliitaka njia ya kwanza. Alikwisha kuwatangazia watu wote wa jumuiya: "Mwanangu anachukua mawili kwa mpigo!"

Anastasia naye aliitaka njia hiyo, kwa sababu zake mwenyewe. Darasani aliogopa hata kunyoosha mkono. Hesabu alizielewa kwa Severin tu, maana Severin hakumcheka alipokosea. Tena wakati wa Krismasi kaka huyo alimwambia, "Nabaki. Nitakufundisha mpaka ufanye mtihani wako. Nakuahidi."

Siku hiyo lifti ya jengo lao ilikuwa mbovu. Walipoanza kupanda ngazi, simu ya Severin ikaita, akamwambia mdogo wake atangulie. Anastasia alifika mlangoni akakumbuka kwamba ufunguo anao kaka. Akaweka ndizi chini, akaanza kurudi. Kabla hajaikunja kona ya ngazi, akaisikia sauti ya Severin akizungumza na rafiki yake.

"Fanuel, nimeshawakubalia. Edinburgh, uzamili, mwezi wa tisa. Mzee? Hajui, nitamwambia nikishafika huko." Severin akacheka kidogo. "Yule mdogo nilimwambia nabaki, basi tu, asinililie."

Anastasia alirudi mlangoni kimyakimya. Severin alipofika na ufunguo alimuuliza, "Mbona umenuna? Mfuko mzito?" Anastasia aliokota ndizi akaingia ndani. Kilichomuuma zaidi ni kile kicheko.

Jioni sebule ilijaa. Mama alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo Baba ndiye aliyewakaribisha wageni. "Karibuni, karibuni kwa profesa!" alisema, akimpiga Severin begani. Severin alitabasamu huku akitazama zulia.

Mama Protas, mwenyekiti wa jumuiya, aliongoza sala. Baada ya Injili ukafika wakati wa maombi, ambapo kila mwenye nia yake huitaja kwa sauti na wengine huitikia. Mmoja aliwaombea wagonjwa. Mwingine akamwombea mwanawe aliyekuwa anatafuta kazi. Watoto wa pale waliomba kwa Kiingereza, na Anastasia kwa kawaida hakuomba kabisa. Siku hiyo alisimama, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili pasiwe na mtu wa kukosa neno.

"Tumwombee kaka Severin. Mwezi wa tisa anakwenda Edinburgh kusoma uzamili. Amemdanganya Baba, na mimi amenidanganya. Ee Bwana..."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wote wakaitikia kwa mazoea. Kisha wakagundua walichokiitikia, wakainua vichwa kumtazama Severin.

Sala iliisha, Baba akagawa chai na mihogo, akawasindikiza wageni mpaka chini. Mama Protas peke yake alibaki kuosha vikombe.

Severin alimfuata Anastasia jikoni. "Umenisaliti mbele ya watu!"

"Wewe ulianza! Ulinicheka ulipoongea na Fanuel kwenye simu."

Severin akageuka. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Ungeniambia, ningekasirika siku mbili, yakaisha," alisema. "Sasa nimekasirika, na aibu juu. Kwa nini uzamili?"

"Baba, fizikia ningefaulu, lakini siipendi. Nataka kusomea hesabu za jinsi magonjwa yanavyoenea. Mwalimu wangu anasema fizikia haitanisaidia huko. Uzamili utanionyesha kama utafiti nauweza, kabla sijaingia miaka yote ile ya uzamivu."

"Mimi nilitaka uwe na mawili, moja likigoma ushike la pili."

"Najua, Baba. Na ulishawaambia watu. Ndiyo maana niliogopa."

Baba alivuta kiti akakaa. "Kwa hiyo mdomo wangu nao umo," akasema. "Sawa. Nenda Edinburgh. Lakini siku nyingine niambie mimi kabla ya Fanuel."

Mama Protas alijifuta mikono. "Severin, ulimdanganya mtoto ili asilie wakati ule. Machozi hukuyaondoa, uliyaahirisha, na leo yamekuja na hasira." Kisha akamgeukia Anastasia. "Nawe, mwanangu, ulichosema kilikuwa kweli. Lakini pale hukuomba. Ulishtaki, tena ulimshtaki kaka yako mahali ambapo hawezi kukujibu. Ukiumizwa, mwendee aliyekuumiza."

Anastasia alilia. Severin hakumbembeleza mara moja, kwa sababu naye alikuwa bado anaumia. Baadaye alikuja akakaa karibu naye.

"Nisamehe, kaka."

"Na mimi nisamehe. Sikupaswa kukucheka."

"Utanifundisha kwa simu?"

Severin alifikiri. "Siku nyingi, ndiyo. Siku zote, hapana. Nikishindwa nitakuambia."

Lilikuwa jibu dogo kuliko lile la Krismasi, lakini Anastasia aliliamini.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali kwa Mama Protas. Wakati wa maombi Anastasia alisimama tena, na watu wazima wakatazamana. Baba akakohoa.

"Tumwombee kaka Severin," alisema, "asome vizuri Edinburgh. Na asitusahau. Ee Bwana..."

Sauti ya kwanza kuitikia ilikuwa ya Severin, ikafuata ya Baba, kisha za wengine wote.

Walipokuwa wanaaga, Mama Protas alimshika Anastasia mkono mlangoni.

"Leo," alimwambia, "leo ndiyo umeomba."